Kisima cha Nne

Sahani ya plastiki, visima tisini na sita,
kimoja hakimtoshi hata sisimizi kuoga.
Jana niliwalisha mchuzi,
nikawatilia dawa kwa ngazi:
nzima, nusu, robo, thumuni,
kisha matone ya kudanganyia.
Safu ya mwisho haikupata kitu.

Leo nimesuuza, nimetia rangi ya zambarau,
nimesuuza tena.
Dundee imeingia giza tangu saa tisa unusu,
mvua inatoka Mto Tay ikija mlalo.

Dawa ilipokuwa nyingi, plastiki tupu:
hakubaki wa kushika rangi.
Pasipo dawa, zambarau hafifu,
maji ya kufulia kitenge kipya.
Lakini kisima cha nne, cha thumuni,
zambarau ya damu iliyovilia,
nzito kuliko ya wale nisiowagusa.

Nimerudia mara tatu.
Nimeilaumu pipeti, nimeulaumu mkono.
Ishbel akachungulia, miwani kichwani:
"Hukuwaua. Umewatisha tu."

Na aliyetishwa hujenga.
Huacha kuogelea, hushika ukuta,
hutema ute, humnasa jirani,
jirani naye humnasa wake,
hata pakawa mtaa wenye vichochoro,
na ndani kabisa, waliolala
wasiosikia mlango ukigongwa.

Mama angeuita ukoko.
Wali ulioshika sufuria:
unaumwagia maji ya moto,
yanapita juu
kama salamu isiyoitikiwa.

Chini ya ngazi zetu anakaa Bwana Geddes,
nyonga yake ya kulia ni ya chuma.
Vidonge vya wiki mbili alivimeza siku tano;
homa ilipomwachia
akavifungia kwenye kopo la biskuti.
"Akiba," aliniambia, akilitikisa kama kayamba.
Nami nilicheka.
Mimi, mwenye visima tisini na sita,
nilicheka, nikapandisha ngazi na mifuko yangu.

Jumatatu wamempasua mara ya pili.
Chuma kimetoka, binti yake anasema,
kikiwa na utelezi, kama jiwe la mtoni.
Sijui kama ni kopo lile au ni bahati yake tu.
Daktari naye hakusema.

Nimeandika kwenye daftari: kisima cha nne.
Nimekizungushia duara, nimezima taa.
Nyumbani sufuria ya jana bado imeloweka.
Nimeanza na kijiko cha mbao,
kisha sifongo,
kisha kucha.