Mifuko Miwili

Usiku ule wa Machi mvua iliporomoka kutoka Kiejo
mahindi ya baba yalikuwa yamefika magotini.
Kutwa nzima tulikuwa tumeyawekea mbolea,
kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina,
mimi na Lusajo tukihesabu kwa sauti tusije tukarudia.
Mifuko miwili ya mkopo. Jina la baba kitabuni,
dole gumba lake, wino wa zambarau.

Asubuhi Mbaka ulikuwa rangi ya chai ya maziwa.
Baba alisimama juu ya matuta yaliyolala,
akasema neno moja: "Imekwenda."
Hakusema wapi.

Miaka ishirini na mmoja nimeitafuta hiyo wapi.

Sasa nafanya kibarua Matema, kwa watu wa vipimo.
Kazi yangu ni kamba. Ina fundo kila mita kumi.
Nashusha chupa ya chuma ziwani, nahesabu mafundo;
kuhesabu nakujua tangu vifuniko vya soda.

Fundo la kwanza: maji yana ukijani.
Bi Tusekile akiyaweka chini ya darubini
unaona mimea isiyo na mizizi wala shina,
inakula jua, inavuta hewa ya ukaa
tuliyoipumua sisi, na ng'ombe,
na matanuru ya matofali njia ya Ipinda.
Lakini jua halishibishi peke yake.
Inadai na chumvichumvi za udongo, kama mahindi.
Inadai kilekile alichokopa baba.

Fundo la kumi: giza.
Humo vinapita vinyesi, magamba, maiti za ile mimea,
vinashuka taratibu
kama unga wa mtu anayechekecha bila haraka.

Fundo la ishirini na tano,
chupa inapanda inanuka yai viza.
Huko hakuna pumzi. Hakuna samaki
aliyekwenda akarudi kusimulia.
Kilichofika kimewekwa,
gunia juu ya gunia,
ghala la mtu aliyepoteza ufunguo
naye hana wasiwasi.

Nikasema: Bi Tusekile, mifuko ya baba imo humu.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Sehemu," akasema. "Si yote."

Mwezi ulipoandama, ziwa likaanza kufuka.
Mgeni angedhani kuna moto majini.
Ilikuwa kungu,
nguzo nyeusi za wadudu zikijipinda hadi mawinguni.
Walipokuwa mabuu, mchana walijificha
kwenye mpaka wa yai viza, samaki asikothubutu,
usiku wakapanda kula wanaokula kijani.
Sasa wameota mabawa,
na upepo wa mwera unawasukuma nchi kavu,
kwenye kakao, kwenye nywele, kwenye sufuria za watu.

Mama akatoka na ungo alioulowesha maji,
akauzungusha hewani kama anayefukuza jini,
akakung'uta, akazungusha tena.
Akaponda. Akafinyanga. Akakausha juu ya bati.
Mkate mweusi, mzito kuliko unavyoonekana.

"Kula."

Udongo. Samaki. Na kitu kama chuma ulimini.
Nilitaka kumweleza yote, fundo kwa fundo,
nikaishia kusema: "Mama, hii ndiyo ile mbolea."
"Ipi?"
"Ya Machi."

Akatafuna. Akatema bawa.
"Basi mwambie katibu amfute baba yako kitabuni."

Katibu Andongolile hafuti.
Baba yuko chini ya migomba mwaka wa tisa,
na jina lake bado linadaiwa mifuko miwili,
na riba inaota.

Makombo mama aliyapeleka nyuma ya nyumba,
akayafukia penye shina la mgomba mchanga,
akakanyaga kwa kisigino, mara mbili,
asiseme kitu.

Kesho tunashuka mita mia tatu.
Usiku huu nakausha kamba kwenye kenchi za paa,
napitisha vidole gizani,
na fundo la ishirini na tano
limeanza kulegea.