Daftari la Moshi

Ghorofa ya nne, Oksywie, juu ya bandari ya Gdynia,
mama yangu Leokadia hufuta kizingiti cha dirisha kila asubuhi
kwa kitambaa cheupe.
Hasemi kitu. Hukikunjua mbele ya taa,
hutazama weusi wake kama asomaye barua ya deni,
kisha hukitosa ndooni.

Nami hushuka ngazi kwenda kazini
kuuhesabu weusi uleule kwa tani.

Mhasibu wa kaboni, ndivyo wanavyoniita.
Jina kubwa; kazi yenyewe ni udadisi:
winchi namba saba imekunywa umeme kiasi gani,
malori yamengoja getini dakika ngapi yakinguruma,
meli ya nafaka, ilipokwisha kufunga kamba,
ilizima injini au ililala ikikoroma?
Vihisi vimening'inia nguzoni kama popo.
Havisinzii. Havipokei chai ya mtu.

Zbyszko wa winchi alinicheka:
"Unahesabu moshi, Bogna? Ukimaliza, hesabu na mawimbi."
Lakini mali bila daftari hupotea bila habari,
na moshi je?
Moshi haupotei. Huhama tu,
hupanga chumba kwenye mapafu ya mtu.

Jumanne tuliipelekea ujumbe meli ingali mbali:
gati halitakuwa wazi hadi Alhamisi, punguza mwendo.
Ikapunguza.
Mafuta yasiyochomwa hayapigwi picha,
hakuna anayekata utepe kwa ajili yake.
Niliandika tarakimu, nikala mkate wangu.

Halafu ikaja ile Februari.
Taarifa ya meli ilisema: sifuri.
Usiku kucha tumetumia umeme wa nchi kavu.
Kihisi cha kumi na nne kikasema vingine:
saa nane za usiku mstari umepanda
kama paka aliyekanyagwa mkia.
Na kitambaa cha mama, asubuhi ile, kilikuwa masizi matupu.

"Kihisi kimeganda kwa baridi," akasema mkuu wangu Wojsław.
"Taarifa inatoka Ijumaa. Iache sifuri."
Sifuri ni nzuri, mviringo kama yai,
wakubwa huipenda; hawaulizi
kuku yuko wapi.

Nikashuka gatini. Nyaya nene zimejikunja sandukuni,
barafu imeota kwenye plagi, haijaguswa.
Fundi wa meli, Crisanto, wa kutoka Iloilo,
akanionyesha kwa mikono miwili iliyokataa kukutana:
tundu lenu na plagi yetu haviingiani.
Tulijaribu mara tatu. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu,
*ndiyo*,
tukakitia alama.

Tani sita na nusu.
Niliziandika kwa jina la usiku wake.
Wojsław hakunisemesha wiki mbili;
wiki ya tatu alitia saini ununuzi wa kiunganishi
bila kuinua macho.

Sasa ni Mei. Sidai kwamba hewa imetakata.
Malori bado yananguruma, na kuna meli
ambazo hata kiunganishi hazikitaki.
Leo mama amekikunjua kitambaa, akakiinua kwenye mwanga,
akakiangalia kuliko siku zote.
"Kijivu," akasema.

Kwenye jedwali langu, mwisho kabisa,
baada ya dizeli, baada ya umeme,
nimeongeza safu ambayo mkaguzi hataielewa.
Nimeandika: kijivu.