Ulimi wa Futi

Mlango wa Bi Somoe uligoma Jumatano,
ukiwa umeshalipiwa nusu,
mninga mtupu, umepigwa msasa mpaka mkono unateleza.
Ulifika kwenye fremu ukaketi.
Tukausukuma. Ukaketi.
Bi Somoe akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani
yenye mafundo mawili,
akaisimamisha toka sakafuni hadi juu.
"Nilipima mwenyewe kabla hamjaja," akasema,
"maana mafundi nawajua."

Fundo likakaa mahali pake.
Sisi ndio tuliozidisha mili tano.

Njia nzima kurudi, kwenye mchanga mwekundu wa Newala,
nilimsema Dadi.
Alipima kwa futi yake ya gulioni, ya elfu mbili,
namba zimefifia kama nembo ya gunia la korosho;
mimi nikakata kwa yangu,
futi ya miaka tisa, iliyonilisha.
Kipi cha kuuliza?

Tukazilaza zote mbili juu ya benchi,
kando yake rula ya chuma.
Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani,
nikawasha taa ili nione vizuri
kitu ambacho sikutaka kukiona:
ya Dadi ilisema kweli.

Yangu, ripiti zake zimelika,
ulimi umepinda, unatoka nje kuliko haki yake.
Mwamba ngoma huvutia kwake,
na futi yangu ilivutia kwake, mwaka kwa mwaka,
nami nikisema mbao zimevimba,
nikisema kuta za Newala zimejengwa na walevi.
Kitanda cha Nampota. Makabati ya zahanati.
Ile meza ya mwalimu iliyotiwa kikaratasi mguuni.
Nilizoea kuiachia irudi yenyewe ndani, *chwaap!*
wateja wakishtuka,
nikadhani huo nao ni ufundi.

Alhamisi, dukani kwa Twaibu,
nimezifungua saba.
Nimezivuta hewani bila mkono wa kuzishika:
mbili zimekunjika kabla ya mita moja,
moja imefika mita mbili ikitetemeka, haikuvunjika.
Nimekwaruza namba kwa ukucha; nyekundu zikabaki ukuchani.
Nimebana kufuli, nikavuta; ikakubali kuvutwa,
nikairudisha kwenye boksi lake.
Nimetafuta yenye inchi upande huu na mili upande ule,
maana wateja wangu husema futi na nusu,
na ramani husema mambo yake.
Kisha nikatoa rula ya chuma mfukoni.

"Fundi Editha," Twaibu akasema,
"unanunua au unaposa?"
"Kuposa kuna mshenga," nikamjibu. "Hapa niko peke yangu."

Ya sita Dadi aliitikisa ncha, akaikataa.
"Hii mbovu. Ulimi unacheza."
Nikamwonyesha: ukiusukumiza ukutani, unarudi ndani;
ukiunasa kwenye ukingo wa ubao, unatoka,
na safari yake yote
ni unene wa ulimi wenyewe, si zaidi.
Kwa rula, kwa ndani na kwa nje, jibu lilikuwa moja.
Ule uliokazwa ndio wa kuogopa.
Dadi hakuamini, akaitikisa tena.

Elfu kumi na mbili. Twaibu hakupunguza hata mia.

Mlango tuliukata chini, mili tano na upepo kidogo,
ukafunga.
Bi Somoe akaufungua, akaufunga, akaufungua,
akalipa nusu iliyobaki pungufu ya elfu tatu,
bila maelezo, nami sikuyaomba.
Kamba yake ameirudisha kwenye msumari wa jikoni.

Futi ya zamani ninayo bado.
Sijui ya nini. Dadi anapimia kuni.
Jana nimemkuta ameinamia ile mpya,
kidole kwenye ulimi, *tik, tik,*
nyundo imelala karibu na goti lake.
Akaniona.
Akaichukua nyundo, taratibu,
akaitundika ukutani mahali pake.