Nazi Kwenye Buti

Tulitoka Dodoma Jumapili kabla ya jua,
Nimish kwenye usukani, Baba kando yake na ramani aliyoichora
nyuma ya risiti ya duka la vipuri,
Mama kati ya sufuria ya kachori na chupa mbili za chai,
na Ba, bibi yetu, dirishani,
kanga juu ya sari kwa sababu ya baridi ya Julai.
Kwenye buti, nazi moja ya soko la Majengo,
imesahaulika nje ya mfuko.
Tuta la kwanza, Ihumwa: ngu.
La pili: ngu, ngu, ikabiringika hadi upande wa pili.
"Izuieni hiyo," akasema Mama. Nani aizuie?

Ba alikuwa amesema: kabla macho hayajazima kabisa
nataka kuona hekalu nilimozunguka moto siku ya ndoa.
Baba akaongeza: na lile la babu yangu, liko njiani.

Lililo njiani, nje kidogo ya Kongwa, tulilipita mara mbili.
Lilikuwa limejaa karanga.
Magunia hadi darini, mzani wa chuma pale alipokaa mungu,
na kijana aitwaye Ndahani akatuuliza kwa adabu,
"Mnanunua au mnauza?"
Baba alikosa jibu. Nimish akanunua kilo mbili.
Juu ya mlango, chini ya chokaa, yungiyungi la kuchonga,
petali saba; ya nane imekatwa kupitisha waya wa umeme.
Ba hakushuka garini.
"Karanga ni chakula," alisema. "Ziacheni zikae."

Mpwapwa, ufunguo uko kwa Perisi, muuza nyanya.
Alikuja akifuta mikono kwenye kitenge.
Mama yake alifagia hapa, naye anafagia,
hakuna anayemlipa tangu familia ya mwisho ihame
na sanamu zipakiwe kwenye lori, zimeviringishwa magodoro.
"Sasa unafagia kwa nini?" Mama akauliza.
"Popo," alisema Perisi. "Ukiwaachia wiki moja tu, basi."

Ndani hamkuwa na kitu.
Mraba ukutani, mweupe kuliko ukuta.
Kengele isiyo na ulimi; Nimish akaigonga kwa ufunguo wa gari.
Baba akaanza kusoma sala kwenye simu,
simu ikazima mstari wa pili.
Tukamgeukia Ba, mwenye maneno yote.
Akafungua kinywa. Yakatoka mawili, matatu, yakaisha.
Akabaki amesimama
kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.

"Mbukwa," Perisi akasema, kwa sauti ya chini.

Na Ba akajibu bila kugeuka,
akaendelea kujibu, Kigogo cha utotoni,
cha mizani na chumvi na mvua zilizochelewa,
Kigogo ambacho Baba mwenyewe hakijui,
akicheka mpaka meno ya bandia yakalegea.
Wakaulizana waliokufa, jina kwa jina.
Ilichukua muda.
Kisha akamshika Perisi mkono
wakazunguka pale katikati, palipowaka moto,
mara moja, mara ya pili; ya tatu magoti yakakataa.
"Zilikuwa nne," alituambia. "Si neno. Mbili nawadai."

Nazi aliipasua Perisi kwenye kizingiti, pigo moja.
Watoto watatu waliokuwa wakichungulia wakaingia,
kandambili wamezivua bila kuambiwa,
wakala hadi ganda likabaki na alama za meno.

Kurudi, jua lilikuwa usoni mwa Nimish.
Tulimenya karanga. Maganda yakajaa kwenye mapaja ya Ba,
naye amelala, mdomo wazi, mkono bado umekunjwa
kama umeshika mkono mwingine.
Tuta la Mbande. La Chalinze. La Buigiri.
Kila mara tulinyamaza kidogo, sote,
tukisikiliza nyuma.