Kinga Bila Mzigo

Kwetu Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga,
jina la kejeli, maana haikingi kitu:
si mvua ya Januari, si vumbi la kiangazi,
si lori la shaba linalokujia mgongoni
likipiga honi mara moja tu, kama mdai.

Miaka kumi na mmoja naisukuma.
Nimesema naisukuma, sikusema naipanda.
Magunia manne ya makala, fimbo kwenye usukani,
kutoka msituni hadi soko la Katuba, siku mbili,
mpaka bega langu la kulia likashuka;
fundi cherehani analijua, hanipimi tena.

Barabara ile ilimchukua Ngosa.
Sitaeleza. Makala yalimwagika mtaroni
na watu wakaja na ndoo.

Basi dada yangu Mwewa, anayeogesha wazee Uhispania,
akanipigia: Kaka, huku reli ikifa
wanang'oa vyuma, wanasawazisha tuta,
wanawaachia wenye baiskeli. Gari haliingii,
hata pikipiki. Watu wanakwenda siku tatu, nne,
katikati ya mizeituni, wanapenya milima
kwa matundu yale yale ya treni,
wanalala stesheni, mkata tiketi alipokuwa akisinzia.

Nikamuuliza, wanabeba nini?
Akacheka mpaka salio likaisha.
Alipopiga tena: Chupa ya maji, akasema. Na miwani.

Sisi nasi tunayo reli iliyokufa.
Tawi la mgodi uliofungwa kabla sijaoa.
Vyuma viliondoka usiku, vipande vipande,
mataruma yakaivisha bukari ya watu,
likabaki tuta, limenyooka kama neno la kiapo,
na hakuna aliyelitaka.

Jumapili nilifungua kamba zote.
Mke wangu Chungu akauliza: Unaenda kununua nini?
Sinunui. Kuuza? Siuzi.
Akanishika paji la uso kutafuta homa,
hakuiona, akanifungia viazi vitamu.

Mwanzo kinga haikujua kwenda nyepesi.
Ilirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba,
nami niliinamia upande wa mzigo usiokuwepo
nikaanguka, peke yangu, penye njia tupu,
nikabaki chini kidogo. Hapakuwa na wa kunipitia juu.

Kisha nikapanda.

Nilisikia mnyororo! Miaka yote hiyo
sikujua kwamba una sauti, kama mtu anayehesabu
kwa lugha ya kwao. Nilisikia nyasi
zikipiga njiti za gurudumu. Kichuguu kirefu kuliko kanisa
kilinijia polepole, kikanipa muda wa kukitazama,
kikabaki nyuma bila kunidai chochote.

Mbele kidogo kivuli kikaisha.
Jua wazi, mwendo mrefu, visiki kulia na kushoto.
Ningependa kusema sijui ni nani.
Lakini shoka lina mwandiko, na ule ni wangu:
mkato wa juu ulioinama, kwa sababu ya bega.
Nilipita pale bila kukanyaga pedeli,
nikiachia mteremko unipitishe.

Penye stesheni, jukwaa la saruji na mbuzi watatu,
mtoto alitoka mbio: Makala bei gani?
Leo sina.
Sasa unaenda wapi?
Huko.
Akaitika kwa kichwa, kama vile Huko ni kijiji
na ana shangazi yake pale.

Nilipiga kengele kumuaga. Ilikuwa na kutu,
ikatoa nusu ya mlio.

Kesho Jumatatu. Magunia yamesimama ukutani,
manne, midomo imeshonwa kwa nyasi.
Usiku nimemwandikia Mwewa:
nimekwenda, nimerudi, sikubeba kitu.
Hata maji niliyasahau.