Alisema Nini

Prefe alitupanga uwanjani kwa mistari,
mashati meupe, suruali za bluu, viatu vimelishwa udongo wa Kadutu,
akatuambia: leo anakuja mgeni wa kuwapa moyo,
mpigieni makofi tangu sasa
ili akifika mikono iwe imeshazoea.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha.
Mgeni alicheleweshwa na ngazi zetu.
Tulimsikia kabla ya kumwona:
chuma kikigonga jiwe, vijana wawili wa sokoni wakihema,
na sauti ya mwanamke, "Polepole, mimi si gunia la makaa."

Jina lake Nabintu. Fundi wa kushona, kule Nyawera.
Miguu yake ilikuwa imelala chini ya kitenge
kama paka wawili wasiotaka kuamshwa.
Tukanyamaza, kimya kile cha kilioni,
na prefe akasema: "Tazameni ujasiri!"
"Uko wapi?" akauliza mgeni,
akageuka kutazama nyuma yake.

Hakutuambia kwamba kila kitu kinawezekana.
Alisema: "Nimehesabu ngazi zenu. Thelathini na moja.
Darasani sikuwa wa kwanza, msidanganywe,
nilikuwa wa nne, na ningebaki wa nne hadi mwisho,
lakini shule yetu ilikuwa na ngazi arobaini,
na mgongo wa baba ulichoka nikiwa mwaka wa tatu.
Miguu yangu iliibwa na polio.
Shule yangu iliibwa na ngazi.
Msichanganye wezi."

Ndipo Mugisho, yule wa nyuma, yule wa kila mara,
akanyanyua mkono: "Mama, chooni unaendaje?"
Uwanja ukapasuka.
Prefe akaishika fimbo.
Lakini yeye alingoja kicheko kiishe
kama mtu anayengoja lori lipite,
akasema: "Hilo ndilo swali la kwanza la maana mwaka huu.
Hapa kwenu, mwanangu, siendi.
Mlango wa choo chenu ni mwembamba kuliko kiti changu.
Basi tangu jana jioni sijanywa maji,
ili nije kuwapa moyo."

Prefe aliitazama fimbo
kana kwamba mtu mwingine ameisahau mkononi mwake.

"Nani ana mtu nyumbani
ambaye hajawahi kuletwa hapa?"

Mimi nilikuwa mstari wa tatu.
Mkono wangu ulipanda hadi begani, ukarudi mfukoni.
Miaka mitano wananiuliza, kwenu mko wangapi?
Miaka mitano nasema, wanne.
Sisi ni watano.
Wageni wakija, Ntakwinja husogezwa chumba cha nyuma
pamoja na beseni na viatu vya mvua,
na anayevuta pazia ni mimi.

Makofi yalitoka vibaya, moja moja,
kama matone ya kwanza juu ya bati.
Vijana wakambeba kumshusha. Sikwenda kusaidia.
Nilikuwa nahesabu.

Thelathini na moja, kweli.
Kisha mfereji, na ubao mmoja wa kuvukia.
Kisha mteremko wa Nyamugo, pale wauza sambaza wanapomwaga maji yao.
Kisha ngazi za udongo alizochonga baba kwa jembe: tisa.
Kwenye ile ya tisa nilisimama sana,
hadi jirani akaniuliza kama nimefukuzwa shule.

Ntakwinja alikuwa chini, anamenya muhogo.
Mtaa huu wote anaujua kwa masikio,
nani amelewa, nani kajenga, mbuzi wa nani ana mimba.
"Mgeni wenu alisema nini?"
Nikatafuta neno la kumpa moyo, nikalikosa.
"Aliongea habari za choo."
Alicheka hadi kisu kikamdondoka.

Halafu akanyamaza.
"Huo mlango wa choo chenu,
upana wake kiasi gani?"

Nikachuchumaa, nikafungua mikono kumwonyesha.
Aliutazama ule upana kwa macho ya mnunuzi,
akajivuta mbele kwa viganja,
akaingiza mabega yake katikati ya mikono yangu,
la kushoto, la kulia.
"Napita," akasema.