Takwimu za Machi

Fomu imeletwa na bodaboda kutoka halmashauri,
kurasa nne, nakala tatu.
Jaza kwa wino wa bluu. Usifute.
Nina peni mbili za bluu hapa Igombe,
na moja ilikata roho tangu mtihani wa darasa la pili.

Jumla ya wanafunzi: mia moja na kumi na nne.
Hiyo ni ya mwezi mpevu.
Mwezi ukikonda ukawa kama kucha
wanashuka hadi tisini na sita,
na giza likishalala ziwani
nabaki na sabini na mmoja,
maana dagaa hupenda usiku mweusi,
na wakivuliwa usiku lazima waanikwe asubuhi,
na asubuhi ndiyo kengele yangu.
Aliyetunga fomu hakuacha kisanduku cha mwezi.

Shule yenye chini ya mia, wameandika chini kwa herufi ndogo,
itaunganishwa na jirani.
Jirani ni saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto.

Wavulana hamsini na wanane. Wasichana hamsini na sita.
Kati ya hao hamsini na sita yumo Nyamizi
ambaye hajaonekana tangu mama yake ajifungue.
Sijamkata. Peni nyekundu ipo, inaandika vizuri,
lakini kukata jina ni kumfungia mtu mlango
huku unamsikia nje akipangusa matope miguuni.

Umri.
Masalu, ulizaliwa lini?
Mama anasema mwaka gugu maji lilipofunga mwalo.
Gugu maji limefunga mwalo mara ngapi, Masalu?
Anacheka. Meno yanasema kumi na moja.
Naandika tisa, ndiyo wanayoitaka darasa la tatu.

Waliohamia: thelathini na saba.
Kutoka Ukara, Kome, Rorya, kutoka kambi
ambazo zikikunjwa hazibaki hata kwenye ramani.
Kabila fomu haiulizi, nami siulizi,
ila kwenye foleni ya uji nasikia mwangaluka,
nasikia oyawore,
halafu kikombe kinaanguka
na wote wanazomea kwa Kiswahili.

Wenye mahitaji maalumu: weka alama ya vema.
Malimi, kofia pana, dawati la mbali na dirisha.
Nimeweka vema yangu.
Lakini baba yake humleta kwa baiskeli
na hashuki kwenda shambani mpaka mlango ufungwe,
na saa nane yupo tena pale kwenye mkonge,
panga gotini, macho barabarani.
Huyo nimjaze wapi?
Walinzi, imeandikwa: hakuna.

Sasa nimefika kwa mapacha.
Kwenye daftari ni wawili, darasani ni mmoja.
Nilichelewa kugundua.
Kulwa anajua kujumlisha, hajui kutoa;
Doto anatoa vizuri, kujumlisha hapati.
Nikamwita mtoto mzembe, Mungu anisamehe,
kumbe kujumlisha nilifundisha Jumatatu
na kutoa nilifundisha Jumanne,
na sare nyumbani kwao ni moja.

Bodaboda anapiga honi. Mwalimu Nyanjige, bado?
Bado. Njoo mwezi ukishajaa.
Ananiangalia kama mtu aliyeagizwa maji akaletewa wingu.
Mafuta yamepanda, mwalimu.
Basi subiri kidogo.

Kwenye jumla nimeandika kwa penseli.
Nimefuta mara moja, karatasi imetoa kinyoya.

Mlangoni inasimama sare, kola imegeuzwa ikashonwa upya,
mikono bado ina magamba.
Nauliza: leo ni nani?
Doto, mwalimu.
Na jana ulifundishwa nini?
Anafikiri. Jana nilifundishwa kuhusu mvua, anasema,
Kulwa alinifundisha usiku, tulikuwa tunageuza dagaa.

Nachukua ile peni iliyo hai.
Naweka vema mbili.